Kumtembelea mwenza Ujerumani ukiwa huna ajira: namna ya kuandaa maombi ya viza ukiwa Mbeya

Kwenye fomu ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya ziara inayotumiwa na Ujerumani na nchi nyingine nyingi za Ulaya, kuna sehemu inayouliza kazi yako ya sasa. Hapo ndipo wengi wetu tusio na ajira tunapoharibu. Mimi nimesomea ualimu, ajira sijapata, nalima viazi Isongole na kulea watoto wawili hapa Uyole. Mama watoto ni muuguzi Ujerumani. Miaka ya nyuma, akiwa bado masomoni katika nchi nyingine, niliomba viza ya kwenda kumsalimia nikaandika kwamba mimi ni mfanyabiashara, kwa sababu niliona aibu kuandika ukweli. Leseni sikuwa nayo, TIN (namba ya mlipakodi) sikuwa nayo, risiti hata moja sikuwa nayo. Nikanyimwa, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Safari ya Ujerumani niliandika hali yangu kama ilivyo, nikaishikiza kwa karatasi, na viza ikatoka.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliye Mbeya, Tukuyu, Iringa au Njombe ambaye mume au mke wake anaishi Ujerumani kihalali, naye anataka kwenda kukaa wiki kadhaa na kurudi. Nchi nyingine za Schengen zinafuata sheria kuu ileile ya viza, ila karatasi ya mwaliko hutofautiana.

Kwanza kubalianeni: ni ziara au ni kuhamia?

Kaeni kwenye simu mlimalize hili kabla ya kutumia hata shilingi. Viza ya ziara inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180, na hairuhusu kufanya kazi. Kwa kawaida huwezi kufika nayo kule kisha ukaigeuza kuwa kibali cha kuishi. Utatakiwa kurudi Tanzania na kuomba viza ya kuungana na familia. Hiyo ni njia nyingine kabisa, na mara nyingi inadai mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya A1, yaani ya mwanzo, unaoweza kuufanya Goethe-Institut Dar es Salaam.

Kama moyoni nia yenu ni kuhamia, ombeni ya kuhamia. Ukiomba ziara huku umekwisha kuuza godoro na kabati, maneno yako na karatasi zako zitapingana, na afisa amesomea kazi ya kuona mpingano huo. Kama nia ni ziara kweli, endelea kusoma.

Pangeni safari kwa kufuata kalenda ya shamba na shule

Hili hakuna aliyeniambia, nililigundua mwenyewe, na naamini ndilo lililonisaidia kuliko yote. Afisa anataka kujua kwa nini utarudi. Mwajiriwa anajibu kwa barua ya likizo: likizo inaisha tarehe fulani, anatakiwa kazini. Sisi hatuna barua hiyo, lakini tuna msimu. Kwetu mvua zinaanza Novemba na mahindi yanaingia ardhini wakati huo. Nikaomba kuondoka mwishoni mwa Agosti, mavuno yakiwa yameshatoka shambani, na kurudi kabla Oktoba haijaisha, kabla ya kupanda. Kwenye barua yangu nikalieleza hilo waziwazi.

Mwenye watoto afikirie pia mihula. Mwenye kahawa Mbozi au kakao Kyela apange kwa msimu wake wa kuuza. Usiombe siku zote 90 kwa sababu tu zipo. Mtu asiye na ajira anayeomba siku 90 kamili anazua swali ambalo anayeomba wiki 6 hazui.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usingoje hizo siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15 tangu maombi yapokelewe, lakini sheria inaruhusu zivutwe hadi 45, na miadi ya ubalozini nayo hujaa. Ukitaka kuondoka Agosti, anza kukusanya karatasi Februari.

Pasipoti, cheti cha ndoa, na balaa la majina

Pasipoti ya kielektroniki inaombwa kwenye mtandao wa Uhamiaji, gharama yake ni shilingi 150,000, kisha unakwenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa na nakala zako: kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa na vinginevyo unavyoelekezwa. Kwa Schengen iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kurudi, na ibaki na kurasa 2 tupu.

Ndoa lazima iwe na cheti. Waliofunga kanisani, msikitini au kwa Mkuu wa Wilaya wanacho. Waliofunga kimila, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ndoa ile iandikishwe, na wengi hawajafanya hivyo. Wazee kupokea ng'ombe na shuka kunatosha nyumbani, lakini mezani kwa afisa hakutoshi. Kuishi pamoja miaka 2 kunakoifanya mahakama iwadhanie kuwa wanandoa nako hakukupi cheti cha kuambatanisha. Nendeni mkaandikishe mapema, mwenza akiwa nyumbani likizo.

Halafu kagueni majina, herufi kwa herufi. Huku kwetu hili ni tatizo kubwa. Cheti cha ndoa kimeandikwa Ambakisye, NIDA imeandika Ambakisie, pasipoti imefuata NIDA, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kina jina la babu ambalo hulitumii. Ukiona tofauti, nenda kwa wakili ule kiapo cha majina mapema, au urekebishe RITA, ofisi ya vizazi na vifo, kama muda unaruhusu. Nyaraka zilizoandikwa kwa Kiswahili tafuta tafsiri ya Kiingereza au ya Kijerumani. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wanafanya kazi ya kutafsiri na kuthibitisha tafsiri.

Sehemu ya ajira: andika ukweli, kisha uonyeshe maisha yako

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye uzito.

Kutokuwa na ajira hakukufungii mlango. Sheria ya viza haisemi mwombaji lazima awe na mshahara. Inataka mambo mawili yajulikane: nani anagharamia safari, na kama utaondoka kabla viza haijaisha. La kwanza atalijibu mwenza wako. La pili ni lako peke yako. Mwenza hawezi kukujibia, tena kuwapo kwake kule ndiko kunakolifanya swali liwe zito. Yeye ni sababu ya kwenda, na ukitazama kwa macho ya afisa, ni sababu ya kubaki pia. Kwa hiyo lazima uweke upande wa pili wa mizani vitu vinavyoonekana.

Usimfiche mwenza. Nimesikia watu wanashauriana hapa Mwanjelwa kwamba useme unakwenda kutalii tu, usitaje kama una mke kule. Fomu inauliza hali ya ndoa, na inauliza utafikia kwa nani. Ukidanganya hapo ukagundulika, hata maombi yako ya baadaye yatatiliwa shaka.

Na usinunue barua ya ajira. Wapo madalali watakaokuandikia kwamba wewe ni afisa masoko wa kampuni fulani kwa malipo yao. Simu moja tu ikipigwa kwa hiyo kampuni, umekwisha. Nyaraka ya kughushi inatosha peke yake kukunyima viza.

Badala yake mimi nilikusanya hivi.

Shamba. Kama ardhi yako ipo kijijini, hati ya hakimiliki ya kimila, ile inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ni karatasi nzuri sana. Kama bado hujapimiwa, barua ya Mtendaji wa Kijiji yenye mhuri, ikitaja ukubwa wa shamba, unachokilima na tangu mwaka gani. Usikubali barua ya "namtambua kuwa ni mkazi mwema." Mwombe Mtendaji aandike mambo: heka 2, viazi mviringo na mahindi, tangu 2016. Walio kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wana bahati, chama kinatoa stakabadhi ya kila kilo.

Sisi wa viazi hatuna stakabadhi. Mnunuzi anakuja na fuso kutoka Dar, anapakia, anatoa taslimu, anaondoka. Nilichofanya ni kuanza kuwaomba wanunuzi wanilipe kwa M-Pesa, na kuandika daftari la mauzo: tarehe, magunia, bei. Baada ya miezi kadhaa taarifa ya miamala ya simu na daftari vilisema kitu kimoja. Hapo ndipo nilipoona umuhimu wa kuanza Februari.

Watoto. Barua ya mwalimu mkuu inayoeleza kwamba watoto wanasoma pale na kwamba mzazi anayewasimamia ni mimi. Stakabadhi za ada kama zipo. Nikaandika pia nani atabaki nao wiki nitakazokuwa sipo: bibi yao, kwa jina na namba ya simu, na barua yake fupi.

Kikundi. Kama uko kwenye VICOBA au SACCOS, waombe barua inayoonyesha hisa zako na mkopo unaorejesha. Wengine wanaogopa kuonyesha deni. Deni dogo linalolipwa kila wiki linaonyesha kwamba kuna watu wanakusubiri.

Mzazi mzee. Kama wewe ndiye unayempeleka mama kliniki, nakala ya kadi yake inaeleza jambo hilo vizuri kuliko aya tatu za barua.

Wenye genge, kibanda cha mitumba au cherehani, chukueni TIN kutoka TRA, haitozwi ada, na leseni ya halmashauri au kitambulisho cha mjasiriamali mdogo. Fanyeni hivyo kama biashara ipo kweli. Kama haipo, rudini kusoma yaliyonipata mimi.

Ukishapata yote, punguza. Karatasi 15 zilizopangwa kwa mfuatano, zenye orodha juu, zinasomwa. Karatasi 60 zilizorundikwa hazisomwi.

Karatasi za mwenza

Kwa Ujerumani karatasi kubwa ya mwenyeji inaitwa Verpflichtungserklärung. Ni ahadi rasmi ya kukugharamia, ambayo mwenza wako anaisaini mwenyewe kwenye ofisi ya wageni ya mji anaoishi, baada ya kuonyesha hati zake za mshahara, mkataba wa nyumba na kibali chake cha kuishi. Ada yake ni yuro 29. Aipate ile ya asili na kukutumia kwa posta ya haraka, maana nakala ya WhatsApp haitoshi. Ubalozi unataka iwe haijazidi miezi 6 siku ya kuomba, kwa hiyo asikimbilie kuisaini mwaka mzima kabla.

Mwambie mwenza ajue anachosaini. Kama utaugua au utakwama kule na serikali ikaingia gharama, watamdai yeye. Mama watoto alisoma karatasi ile mara mbili kabla ya kusaini, na alifanya vyema.

Kama mwenza bado ni mwanafunzi au yuko kwenye mafunzo ya kazi, mshahara wake unaweza usitoshe. Basi atafute mtu mwingine anayeishi kule kihalali wa kuwadhamini, au muweke pesa zenu wenyewe benki na kuonyesha.

Ongeza barua yake ya mwaliko yenye tarehe na anwani, nakala ya pasipoti na kibali chake, na ushahidi kwamba ndoa inaishi: picha chache za miaka tofauti, kumbukumbu za pesa anazotuma nyumbani, tiketi yake ya mwisho kuja Tanzania. Picha 5 zinatosha. Za harusi tupu hazitoshi, weka na za juzi.

Pesa kwenye akaunti

Taarifa ya benki ya miezi 3 hadi 6. Kama kila mwezi mwenza anatuma kiasi fulani cha matumizi ya nyumbani, iache ionekane hivyo, kisha ieleze kwenye barua. Sisi wanaume wa huku tunaona haya kuonyesha kwamba mke ndiye anayetuma pesa. Nilikuwa hivyo. Ukweli ni kwamba tuligawana: yeye anatafuta kule, mimi nashika nyumba na shamba huku, na hakuna kati yetu anayekaa bure. Afisa aliuliza, nikamjibu hivyohivyo, akaandika, akaendelea.

Kosa baya ni kukopa milioni 5 kwa shemeji, kuziingiza wiki moja kabla ya miadi na kuchapisha taarifa. Zinaonekana zilivyoingia kwa mkupuo. Bora laki nane zilizokusanyika taratibu.

Bima na tiketi

Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen, na ifunike siku zako zote. Tiketi usilipie kabla ya viza kama hairudishi pesa. Chukua nafasi iliyoshikiliwa tu, ya kwenda na kurudi.

Barua yako

Ukurasa mmoja. Yangu ilianza hivi, kabla ya kutafsiriwa: "Sina ajira rasmi. Ni mkulima wa viazi na mahindi Isongole, na ni mlezi wa watoto wetu wawili wanaosoma Uyole. Naomba kumtembelea mke wangu kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii. Gharama zote atalipa yeye kama hati ya ahadi inavyoonyesha. Natakiwa kurudi kabla ya Novemba kwa ajili ya kupanda, na watoto wako shuleni." Baada ya hapo nikataja kila karatasi na namba yake kwenye bahasha. Usiombe huruma, usisimulie mapenzi yenu. Niliandika rasimu ya kwanza yenye machozi matupu, nikaichana.

Siku ya miadi Dar

Miadi inachukuliwa mtandaoni. Ubalozi wa Ujerumani uko Umoja House, katikati ya jiji. Soma ukurasa wao ujue maombi ya ziara wakati huo yanapokelewa wapi na kwa utaratibu gani. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na walio chini ya miaka 6 hawalipi. Ukinyimwa hairudi.

Usisafiri siku ileile. Mbeya hadi Dar ni kilomita zaidi ya 800, na lori moja likilala kwenye mlima wa Kitonga umepoteza miadi. Mimi niliondoka siku 2 kabla nikalala kwa ndugu Mbezi, karibu na stendi ya Magufuli. Wenye uwezo wanaweza kuruka kutoka Songwe, lakini hata hapo acha siku moja katikati. Alama za vidole zitachukuliwa. Zikishachukuliwa mara moja hutumika kwa miezi 59.

Maswali

Ni mafupi, yanaulizwa dirishani, na wewe jibu kwa ufupi. Unafanya kazi gani? Mlifunga ndoa lini? Mara ya mwisho kuonana ni lini? Watoto watabaki na nani? Haya ukiwa mkweli hayakusumbui.

Mawili yanataka ujiandae. La kwanza: kwa nini yeye asije huku? Jibu letu lilikuwa kwamba alikuja mwaka uliopita, na likizo iliyobaki ni siku chache anazoweza kuzitumia tukiwa pamoja kule bila kulipa nauli yake. La pili ndilo zito: kwa nini hamwombi viza ya familia? Usiseme "hatutaki kuishi pamoja," hakuna atakayekuamini. Nilisema tumejadiliana, kwamba watoto wako katikati ya shule, mama yangu ananitegemea, Kijerumani sijaanza, na siku tukiamua tutaomba viza husika hapahapa Dar. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Zungumzeni na mwenza wako mjue jibu lenu la kweli ni lipi, maana maneno yenu kwenye barua mbili yatasomwa kwa pamoja.

Ukinyimwa

Utapewa karatasi yenye sababu zilizowekewa alama. Isome bila hasira. Kama alama iko kwenye mashaka ya kurudi, tatizo ni ushahidi wako wa nyumbani, na kuomba tena kesho na karatasi zilezile ni kutupa yuro 90. Tangu Julai 1, 2025 Ujerumani imeondoa utaratibu wa kuandika barua ya kupinga ubalozini. Kilichobaki ni kuomba upya kwa ushahidi mpya, au kufungua shauri kwenye mahakama ya utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja. Kwa wengi wetu kuomba upya ndiyo njia. Ngojea msimu mmoja, jaza pengo, rudi.

Ukipata

Kagua stika kabla ya kuondoka dirishani: jina, tarehe, idadi ya siku. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa. Nakala za hati ya ahadi, bima na tiketi ya kurudi zikae kwenye begi la mkononi, kwa sababu askari wa mpakani ana haki ya kukuuliza upya yote uliyoulizwa Dar. Tangu Oktoba 12, 2025 nchi za Schengen zilianza kuandikisha wageni kwa picha na alama za vidole kwenye mfumo wa kompyuta badala ya muhuri, kwa hiyo siku zako anazihesabu kompyuta.

Ukiwa kule usifanye kazi yoyote ya malipo, hata rafiki wa mwenza akikuomba umsaidie jikoni mgahawani Jumamosi moja tu. Rudi tarehe uliyosema au mapema zaidi. Kadi za kupandia ndege zitunze pamoja na pasipoti, zitakufaa ukiomba tena. Aliyepata viza 3 ndani ya miaka 2 na kuzitumia vizuri anaweza kupewa ya mwaka mzima ya kuingia mara nyingi. Mimi kati ya hizo 3 nimeshapata moja. Nilitua Songwe Oktoba 19, na wiki ya kwanza ya Novemba nilikuwa Isongole na mbegu mkononi. Picha ya siku ile nimeiweka kwenye bahasha ya maombi yajayo.